Mbaraka, ule mstari niliuandika mimi

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mbaraka,

Assalaam alaykum. Habari za siku nyingi, za shemeji, za watoto, za mikorosho? Huku kwetu hatujambo, masika tu ndiyo yametuzidi. Mama anakusalimu. Kila akipika samaki wa nazi huniuliza yule mwenzio wa Masasi aliyekomba chungu yuko wapi, nami humjibu yupo, mzima, kana kwamba nina habari zako.

Mwaka wa kumi na moja huu hatujaandikiana. Salamu nyingine zitakuja mbele, maana nina jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi na nikianza kuzunguka sitalisema.

Nimelipata lile kosa. Lile la bwenini, la namba ya Mzee wa Chaki. Lilikuwa langu.

Ilikuwa hivi. Alhamisi bati la chumba cha nyuma lilivuja, maji yakaingia kwenye sanduku la chuma ninamoweka vitu vya chuo. Nikatoa kila kitu nikaanika barazani: vyeti, picha, maandalio ya somo, na lile daftari la miraba la 1996, lenye doa la mafuta ya taa pale Kibwana alipoipiga kikumbo koroboi. Nikalifungua lipate hewa, likajifungua lenyewe penye doa. Nusu ya ukurasa mwandiko wangu, nusu mwandiko wako. Chini kabisa jibu letu, nimelipigia mistari miwili kwa rula:

147,093,994,487,585,602,927

Na pembeni, kwa mkono wako, ile aliyoiandika Mzee ubaoni:

147,573,952,589,676,412,927

Zinaanza pamoja, zinaishia pamoja, katikati zinaachana. Nilizitazama nikiwa nimesimama, maji yananidondokea mgongoni, na nikarudi moja kwa moja kwenye ule usiku.

Ulivyoipenda ile namba, Mbaraka! Mzee aliposema ni 2 sitini na saba zikizidishana kisha ukatoa 1, darasa zima lilinyamaza kama tuliosomewa hukumu, wewe ukanyoosha mkono ukasema hiyo ni bao. Shimo la kwanza kete moja, la pili mbili, la tatu nne, la nne nane. Bao moja mashimo 32, bao mbili 64, azima matatu ya jirani. Jumlisha kete zote za mashimo hayo 67 na unayo namba yenyewe, bila kupungua kete wala kuzidi. Mzee wa Chaki aliketi. Tangu siku hiyo nimefundisha vipeo kwa bao kila mwaka, na kila mwaka watoto huielewa, na sijawahi kuwaambia ni mawazo ya nani. Hilo nalo nalikiri hapa hapa.

Kisha akatupa kisa chake. Mersenne, yule mtawa wa Kifaransa, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo 2 ikipandishwa hapo na kutolewa 1 inazaa namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Nani angembishia? Kuikagua ya 67 kwa mkono si kazi ya mchana mmoja. Watu wakaipokea. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Lucas, akaonyesha kuwa ya 67 si tasa, ina vigawo, ila yeye mwenyewe hakukitaja hata kimoja. Wewe ukasema ni kama kupita nje ya nyumba ukasikia kikohozi: unajua ndani mna mtu, sura yake huijui. Nilicheka, lakini kikohozi kile sijakisahau.

Sura ilikuja kuonekana tarehe 31 Oktoba 1903, New York, kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani. Inasimuliwa kuwa Frank Nelson Cole alipoitwa kusoma mada yake aliinuka, hakusema neno. Upande mmoja wa ubao akazidisha 2 mpaka sitini na saba zikaisha, akatoa 1. Akahamia upande wa pili, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha tarakimu kwa tarakimu. Majibu mawili yakalingana. Akarudi kitini, bado hajafungua mdomo, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Mzee akatuambia: Jumatatu nataka zao hilo mmelitafuta wenyewe, kwa mkono. Na umeme wenyewe unajua ulivyokuwa.

Sasa niuelezee ule ukurasa, maana nimeukaa siku nne na ninaujua kuliko uso wangu.

Tuliweka ile ndefu juu, fupi chini. Tarakimu za chini kutoka kulia: 1, 2, 7, 7, 0, 7, 3, 9, 1. Mimi nilianza. Mstari wa 1, mstari wa 2, mstari wa 7, mstari wa 7 tena. Kisha sifuri. Nikaona mstari wa sifuri hauna haja ya kuandikwa, nikauruka, na hapo sikukosea, hata wanafunzi wangu nawaruhusu. Kisha 7 ya tatu. Mistari hiyo mitatu ni pacha, wote 5,332,867,801,009, na mkono ulishazoea: shuka, sogea mraba mmoja kushoto, shuka, sogea mraba mmoja. Ule wa tatu nikausogeza mraba mmoja tu. Sifuri ilidai miwili. Nilipomaliza nikakupa penseli, wewe ukaandika 3, 9 na 1, na nakumbuka ulivyokuwa ukihesabu miraba kuanzia ukingo wa kulia kwa kila mstari, kidole juu ya karatasi, mimi nikikuharakisha.

Kwa hiyo mistari yako yote imekaa mahali pake. Ukiitazama ile ngazi leo, hatua ya miraba miwili ipo, ila haipo kabla ya mstari wangu wa mwisho, ipo baada yake, pale mwandiko unapobadilika. Na wewe uliiona! Uliniambia, "Seleman, hapa pana pengo." Nikakujibu bila hata kuinama kutazama: hiyo ndiyo sifuri. Ukanyamaza.

Tukajumlisha. Halikulingana na la ubaoni. Nikasema tupime kwa 9, na nikapima mwenyewe. Tarakimu za 193,707,721 zinajumlika 37, ukigawa kwa 9 inabaki 1. Za ile ndefu 64, inabaki 1. Moja mara moja ni moja, basi zao lazima libakize 1. Jibu letu: jumla ya tarakimu 109, inabaki 1. Nikapiga kofi mezani, nikasema kuzidisha kwetu ni safi, walioharibu ni hao waliozinakili. Ukasema, "Lakini la ubaoni pia ni 109." Kweli lilikuwa 109. Mawili yaliyotofautiana, na yote yamepita mtihani mmoja. Mtu mwenye akili zilizotulia angejua hapo hapo kuwa mtihani hautoshi. Wewe ulijua. Ulisema tujaribu kwa 11. Nikalifunga daftari.

Nimepima kwa 11 Alhamisi usiku, baada ya miaka yote hii. Dakika tano tu, Mbaraka. Unahesabu kutoka kulia, unajumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea, kisha unatoa jumla ya zile za pili, nne, sita. Ile ndefu: 36 kutoa 28, ni 8. Ile fupi: 12 kutoa 25, pungufu 13, ongeza 22 inakuwa 9. Nane mara tisa 72, toa 66, inabaki 6. Zao lazima libakize 6. La ubaoni: 63 kutoa 46 ni 17, toa 11, ni 6. Letu: 64 kutoa 45 ni 19, toa 11, ni 8.

Nane. Lilikuwa pale pale likisubiri kuulizwa.

Na sababu yake ni rahisi mpaka inauma. Gawa 10 kwa 9, inabaki 1. Gawa 100, inabaki 1. Elfu, laki, milioni, yote inabaki 1. Basi 9 haijui mstari umekaa safu gani. Usogeze kushoto, usogeze kulia, kwake ni uleule. Mara nyingi inakamata tarakimu iliyoharibika, haikamati mstari uliokaa pasipo pake. Lakini 11 inajua: 10 imepungukiwa moja kufika 11, 100 imezidi moja kwenye 99, 1,000 imepungukiwa moja kwenye 1,001, inapokezana hivyo hivyo. Ukisogeza mstari mraba mmoja, ishara inageuka. Tulifanya kosa lile hasa ambalo 9 haioni, na mimi nikaichukua 9 peke yake kuwa shahidi.

Hata hivyo, kilichonimaliza si 11. Nilipojua kuna kosa sikujua bado liko wapi, wala mkono wa nani. Nikatoa dogo kwenye kubwa: 479,958,102,090,810,000. Sifuri nne mwishoni. Nikaona inagawanyika kwa 9, nikagawa kwa 90,000. Ikaja 5,332,867,801,009. Mstari wa 7, mzima mzima, kama mtu aliyeitwa jina lake akaitika. Na 90,000 ni laki moja kutoa elfu kumi: ulipotakiwa kukaa kwenye laki, umekaa kwenye makumi elfu. Nikarudi kwenye ukurasa nikauweka kidole, nikasogea na taa, na mwandiko ni wangu. Ile saba yenye mkato katikati, ambayo wewe hukuwahi kuiandika.

Nikakaa chini sakafuni, kwenye maji.

Maana unajua nilichofanya Jumatatu. Nilisimama mbele ya watu arobaini nikasema hesabu yetu imepimwa na ni sahihi, ila Mbaraka amenakili namba vibaya kutoka ubaoni. Wewe ulikuwa umekaa, karatasi mkononi, na hukusema kitu. Mzee akasema tutairudia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mazoezi ya kufundisha, tukatawanyika kila mtu shule yake. Haikurudiwa. Wao wakabaki na jina, "Mbaraka Nakala", mpaka mahafali, mpaka kwenye ile picha ya mwisho ambayo mtu ameandika nyuma. Nami nililitumia jina hilo. Mara ngapi sijui. Ulikuwa unaitika.

Naomba unisamehe. Najua wengine watasema ni hesabu tu, na imepita. Kwangu si hesabu tu. Wewe ndiye uliyeona pengo, wewe ndiye uliyetaka mtihani wa pili, wewe ndiye uliyenakili tarakimu ishirini na moja za vigawo na ishirini na moja za zao bila kukosea hata moja kwa mwanga wa koroboi, na ukaitwa Nakala kwa dhihaka.

Ngoja nikuambie kingine, nimekuwa nikikiwaza na sina wa kumwambia hapa. Walimu wenzangu nikianza wanaangalia saa. Unajua kigawo chochote cha namba hii, ukikitoa 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani 67 mara mbili? Nimekagua vyote viwili. 193,707,720 kwa 134 ni 1,445,580 kamili. 761,838,257,286 kwa 134 ni 5,685,360,129 kamili. Na kuna sharti la pili: hayo majibu ukiyagawa kwa 4 lazima yabakize 0 au 1, kamwe si 2 wala 3. La kwanza linabakiza 0, la pili 1. Namba kubwa namna ile, ukidhani ni pori, kumbe ina njia zake, na vigawo haviwezi kujificha popote vinapotaka.

Sasa piga hesabu ya Cole. Kwa masharti hayo mawili peke yake, mtu anayejaribu kimoja kimoja kutoka chini angekutana na 193,707,721 kwenye jaribio la 722,790. Dakika kumi kila jaribio, saa nane kila Jumapili, ni majaribio 48 kwa Jumapili. Nimeigawa: miaka karibu 290. Na husimuliwa kwamba alipoulizwa imemchukua muda gani alijibu miaka mitatu ya Jumapili. Basi hakujaribu kimoja kimoja. Alikuwa na chujio nyingine juu ya hizo, za mabaki ya namba mraba, na ndiko ninakotaka kufika sasa. Nimeanza, nimekwama. Wewe mabaki ulikuwa unayaona kwa macho. Ningekuwa nawe barazani hapa kwa wiki moja tu, na kahawa...

Nimetoka kwenye njia. Nilitaka kusema hivi: yule mtu alikaa Jumapili zote hizo peke yake na namba moja, na alipomaliza hakudai kitu, aliandika tu ubaoni kila mtu aone. Mimi nilikaa usiku mmoja, nikamtafuta wa kumlaumu. Kila nikimfikiria Cole akirudi kwenye kiti chake nakuona wewe umekaa Jumatatu ile na karatasi yako.

Habari nyingine kwa haraka. Mama Tatu amefariki, mwezi wa pili, nadhani ulisikia. Kibwana ndiye anayekuletea barua hii, amehamia kwenye biashara ya ufuta na anapita huko kila mwezi. Ile namba yako ya simu niliyonayo haipatikani. Mimi bado nina kidato cha pili na cha nne, madarasa yamejaa, chaki tunanunua wenyewe. Mwanangu wa mwisho ameanza la kwanza. Bati nimeziba.

Nimeambatanisha karatasi ya miraba. Nimeizidisha upya yote, nimeacha mstari mmoja wazi, ule wa 7 ya tatu, na jumla chini sijaiandika. Uujaze wewe, unirudishie. Ijumaa ya wiki ya pili kuanzia sasa nataka kuifanya mbele ya kidato cha nne kama alivyofanya Cole, pande mbili za ubao, bila kusema. Kisha nitasema. Nataka kuwaambia ya 9 na ya 11, na pengo, na nani aliliona. Lakini silitaji jina lako mpaka wewe uniruhusu.

Unaruhusu? Na kama unaruhusu, niseme Mbaraka tu, au na la baba? Bado unafundisha, au ni korosho moja kwa moja? Mmeshaanza kupulizia? Shemeji mgongo ulimpona? Yule binti yako aliyekuwa anahesabu kwa vidole vya miguu, yuko wapi sasa, alichukua hisabati? Na hili niambie kweli, hata kama litaniumiza: usiku ule, baada ya mimi kulala, ulipima kwa 11? Nakumbuka niliamka mara moja nikaona koroboi inawaka na wewe umeinamia daftari. Ulikuwa unajua Jumatatu ile ulipokaa kimya? Kama ulijua, kwa nini ulininyamazia? Na ulipoacha kuniandikia, miaka ile ya baadaye, ilikuwa hilo, au mambo mengine tu ya maisha?

Kibwana anageuza Jumanne asubuhi, basi la alfajiri. Ukimpa hata nusu ukurasa itanifikia.

Ni mimi nduguyo,
Seleman

Mama anasema niongeze: samaki wapo, na chungu ni kilekile.